Kupita na basi si kufika mkoani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo lililozuka nyumbani kwangu hapa Dodoma wakati wa likizo ya Desemba, ambalo naamini linawagusa wazazi na walimu wengi.

Mpwa wangu, aliyesoma Ohio kwa miaka miwili, alirudi na ramani ya Marekani aliyoipaka rangi ya kijani kwenye kila jimbo alilofika. Wenzake wa chuoni huko, alinieleza, kila mmoja anajua idadi yake kati ya majimbo 50. Yeye alikuwa na 11. Nilipomhoji, ilibainika kwamba Illinois aliipaka kwa sababu tu alibadilisha ndege Chicago, na kwamba Arizona, Utah, Colorado na New Mexico aliyapata kwa dakika moja, pale mipaka ya majimbo hayo manne inapokutana, kwa kuweka miguu huku na mikono kule. Hesabu hiyo niliikataa. Kwangu mimi, mtu amefika mahali akilala hapo walau usiku mmoja na kuzungumza na wenyeji.

Kilichoniuma zaidi ni pale nilipomwomba ahesabu mikoa yetu 31 kwa kipimo hicho hicho. Alipata miwili: Dodoma na Dar es Salaam. Morogoro, aliyoipita mara nyingi, hajawahi kulala, na sasa kwa kuwa treni ya SGR inafika Dodoma tangu 2024, hata ule mwendo wa kushuka Gairo kunyoosha miguu umekwisha.

Haki ilinitaka nijipime na mimi. Nilikuwa nikijihesabia mikoa 17. Nilifundisha Tunduma kuanzia 2009 hadi 2013, mji huo ukiwa bado Mkoa wa Mbeya. Mkoa wa Songwe ulipoanzishwa 2016, nikajiongezea mmoja bila kunyanyuka kitini. Hilo si sawa, kwa maana kituo kimoja hakiwezi kuhesabiwa mara mbili. Tunduma ni Songwe leo, nami Mbeya mjini niliipita tu. Njombe nayo naikumbuka kwa kikombe cha chai nilichopokea dirishani stendi ya Makambako, alfajiri, vidole vikiwa vimekufa ganzi kwa baridi, na basi likaondoka kabla sijakimaliza. Niliifuta pamoja na Mbeya na Pwani, nikabaki na 14.

Wamarekani hawasumbuki sana na mipaka inayohama, kwani majimbo yao ya mwisho, Alaska na Hawaii, yaliingia mwaka 1959. Kwetu Manyara ilitoka Arusha mwaka 2002, na mwaka 2012 zikaja Geita, Katavi, Njombe na Simiyu. Aidha, wengi wetu tukifika Unguja mara moja husema tumemaliza Zanzibar, ilhali kuna mikoa mitano huko, miwili kati yake ikiwa Pemba.

Kwa hiyo naliomba gazeti lako lichapishe, kabla ya likizo ya Juni, ramani ya ukurasa mzima yenye mipaka ya mikoa yote 31, isiyo na rangi, ili watoto waipake wenyewe. Mpwa wangu tayari ameahidi kuanza na Singida, na amekubali kulala Manyoni.

Mwalimu mstaafu,
Dodoma