Kuhusu grini kadi na viza ya J-1
Wadau habari za jioni, naona tangu jana maswali ya grini kadi (kibali cha kuishi Marekani moja kwa moja) yamejaa humu na wengine mnajibiana kwa kusikia sikia tu, sasa ngoja niseme. Ukienda Marekani kufanya residensi (mafunzo ya ubingwa wa udaktari hospitalini) kwa viza ya J-1, ile inayodhaminiwa na ECFMG, taasisi ya kule inayoshughulika na madaktari waliosoma nje ya Marekani, ukimaliza unatakiwa urudi bongo ukae miaka 2 ndo uruhusiwe kuchukua grini kadi au hata H-1B (viza ya kazi), na kuoa mmarekani hakufuti hiyo kitu jamani (najua kuna mtu humu alishaanza kupanga 😂). Wengi wanapitia Conrad 30, yaani kila jimbo linaweza kuwaombea msamaha wa hiyo miaka 2 madaktari 30 kwa mwaka, ila unafunga mkataba wa miaka 3 sehemu zenye uhaba wa madaktari, huko ndani ndani kama umepangiwa Mpwapwa vijijini vile. H-1B haina sharti la kurudi lakini lazima uwe umefaulu Step 3 kwanza (hatua ya mwisho ya mitihani ya leseni ya udaktari ya Marekani, USMLE), na hospitali nyingi hazitaki kuhangaika nayo. Wa J-1 barua ya Wizara ya Afya, ile ya kusema nchi inahitaji huo ubingwa wako, mnafuatilia hapahapa Mtumba, Dodoma, anzeni mapema msije mkanisumbua usiku. Jumamosi saa 10 jioni Nyerere Square, mwenye swali aje nalo.