Barua ya wazi kwa mpwa wangu anayechora watu wa Kigoma

Marahaba, mpwa wangu.

Picha ulizonitumia nimeziangalia kwa makini. Rangi unaijua na jicho unalo, lakini yule mama wa Kibirizi mwenye beseni la dagaa kichwani hajasimama, ananing'inia. Umeuliza kama kazi ziko tayari kupelekwa galari, nyumba ya kuonyesha na kuuza picha, Dar es Salaam. Bado. Nakujibu hadharani kwa sababu vijana wengi wanaochora watu, kuanzia Ujiji na Kasulu mpaka Tabora, wanakwama hapohapo ulipokwama wewe.

Tuanze na uzito. Mtu aliyeegemeza mwili kwenye mguu mmoja, ukishusha mstari wima kutoka kwenye shimo la koo, utaangukia kwenye mguu unaobeba. Nyonga ya upande huo hupanda, bega la upande huo hushuka. Mwenye mzigo kichwani ana sheria yake: shingo hunyooka, mabega hukaa karibu sawa, na ukimtazama kwa ubavu, katikati ya beseni, sikio na kifundo cha mguu hupangana karibu kwenye mstari mmoja. Mwendo wote anaufanyia kwenye nyonga na magoti. Wewe umempa shingo iliyolala kama ya mtu anayesikiliza simu. Beseni lile lingeshamwagika.

Vipimo navyo vimeteleza. Kichwa ndicho kipimo chako: mtu mzima ana urefu wa vichwa saba hadi saba na nusu, mtoto wa miaka mitano au sita vichwa vitano hadi sita. Nusu ya mwili wa mtu mzima iko kwenye kinena, si kwenye kitovu. Macho yako katikati ya kichwa, na hapa kilemba hudanganya sana: mchoraji anasahau fuvu lililofichwa ndani, anayapandisha macho hadi kwenye paji. Kiganja kilichofunuliwa kinatoka kidevuni hadi kwenye paji la uso. Viganja vya watu wako ni vidogo, na sababu naijua: vinakutisha, kwa hiyo unavimaliza harakaharaka. Chora viganja tu mwezi mzima, vilivyoshika kamba, visu, ndoo, watoto.

Pwani ya Katonga au Kibirizi ni darasa ambalo mchoraji wa mjini angelilipia. Usiende na kanvasi, kile kitambaa cha kuchorea kilichovutwa kwenye fremu, nenda na mkaa laini na karatasi za bei rahisi. Michoro ya sekunde 30 kwanza, kisha ya dakika 2, kisha ya dakika 5. Mtu anayevuta wavu au kugeuza dagaa mchangani hatulii, lakini anarudia mikao ileile. Basi anzisha michoro mitatu kwenye karatasi moja, mmoja kwa kila mkao. Akirudi kwenye mkao wa kwanza, nawe rudi kwenye mchoro wa kwanza. Omba ruhusa kabla ya kumchora mtu, na ukiona amekunja uso, funga daftari. Atakayekubali kukukalia nyumbani mpumzishe kila baada ya dakika 20, na kabla hajainuka zungushia miguu yake chaki, maana asiporudi palepale kivuli chote kitakuwa kimebadilika.

Sasa mwanga, maana hapa vitabu vya Ulaya vinatupoteza. Vinasema chumba cha mchoraji kiwe na dirisha la kaskazini. Hilo ni sawa kwao, kwa sababu kule jua halipiti upande huo mchana. Kigoma iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Tangu wiki ya pili ya Machi hivi hadi wiki ya kwanza ya Oktoba jua la mchana linapita kaskazini kwako, na miezi iliyobaki linapita kusini. Dirisha linalokufaa kiangazi chote ni la kusini. Kuanzia Oktoba, litundikie shuka jeupe la pamba lisilo na maua, au hamia dirisha la upande wa pili. Kumbuka pia kwamba saa zetu ni sawa na za Dar es Salaam, ila sisi tuko mbali magharibi, kwa hiyo jua linafika utosini karibu saa 7 mchana. Wakati huo macho ya mtu yanakuwa mashimo meusi na pua inatupa kivuli mdomoni. Saa hizo usichore uso nje. Kuanzia saa 11 jioni mambo yanabadilika: jua linashukia upande wa Kongo, maji yanaurudisha mwanga kutoka chini, na taya na kope zinawaka mahali ambapo ungetegemea giza. Mwanga huo ni wa mtu anayekaa kando ya Tanganyika. Ukiuweza, hakuna wa Dar atakayekuiga.

Ngozi ndiyo inayoharibika zaidi. Unachukua kahawia, unaitia nyeusi pakiwa na giza na nyeupe pakiwa na mwanga, na matokeo yake watu wote wamepakwa majivu. Nyeupe ya titani haiongezi mwanga tu, inaipoza na kuififisha rangi. Nyeusi ya kwenye tyubu nayo inaizima. Iweke nyeusi pembeni. Sehemu 2 za umba iliyochomwa, ile kahawia ya giza, na 1 ya bluu ya ultramarini hukupa giza zito lenye uhai: ongeza umba lipate joto, ongeza bluu lipoe. Katikati tumia sienna iliyochomwa, kahawia yenye wekundu, na oka, ile njano ya udongo, na wekundu kidogo masikioni, puani na kwenye vifundo vya vidole. Mng'ao juu ya ngozi nyeusi ni anga inayojiakisi, kwa hiyo ni bluu ya kijivu hafifu. Mguso mdogo kwenye paji na kwenye mfupa wa shavu unatosha. Chini ya kidevu weka joto la udongo wetu mwekundu. Na usiiamini akriliki, rangi ya plastiki inayochanganywa na maji, ikiwa mbichi, maana ikikauka inakuwa nyeusi kidogo. Paka kila mchanganyiko kwenye kipande cha kanvasi, subiri ukauke, ndipo uamue.

Maua ya kitenge yafuate mikunjo. Yakipita juu ya goti yamenyooka, umebandika kitambaa, hujamvisha mtu.

Sasa kanvasi yenyewe, maana nimeona kwenye picha kona inavyovuta. Huna haja ya kuagiza ya madukani ya Dar. Amerikani nzito, ile pamba isiyotiwa rangi, inatosha, kitambaa kilekile kilichokuwa kikifika Ujiji mabegani mwa wapagazi. Kinyanyue kwenye jua. Ukiona matundu kati ya nyuzi, chagua kingine. Kifue kwa maji ya moto kitoe wanga na kisinyae kabla hujakifunga. Mwambie seremala akukatie mbao kavu za inchi mbili kwa moja, kona za nyuzi 45, na ukingo wa ndani wa mbele aushushe kwa randa, la sivyo baada ya miezi utaona mstari wa mbao umejichora kwenye picha. Fremu ya sentimita 60 kwa 80 ikiwa sawa, kutoka kona hadi kona ni sentimita 100 kamili, pande zote mbili. Ikipungua au kuzidi, ikatae papo hapo. Kitambaa kata 76 kwa 96. Piga pini ya kwanza katikati ya upande mmoja, ya pili katikati ya upande unaotazamana nao, kisha pande mbili zilizobaki, halafu songa taratibu kuelekea kwenye kona kwa kupokezana pande. Ukianzia kona, mawimbi hayatatoka tena. Fremu inayozidi mita moja iwekewe mbao ya mtambuko katikati.

Kisha gundi nyeupe ya mbao, sehemu 1 kwa 3 za maji, mkono mmoja. Hii inaziba nyuzi ili mafuta ya rangi yasiozeshe pamba. Ikikauka, paka rangi nyeupe ya maji isiyong'aa, nyepesi, mikono mitatu, kila mkono ukikata mwelekeo wa uliotangulia, na msasa namba 220 katikati. Ile ya bei ya chini sana ina chokaa nyingi: pitisha kidole, ukipata unga, picha yako itabanduka nao.

Rangi ya mafuta ya milango usiitumie juu ya kitambaa. Najua utanitajia Edward Tingatinga. Ni kweli alianza na rangi za kung'aa za dukani, lakini alipaka juu ya ubao, na ubao haukunjwi. Kitambaa kinacheza, rangi ile ikizeeka inakuwa ngumu, inapasuka. Akriliki juu ya mafuta pia ni marufuku, ingawa mafuta juu ya akriliki yanakubalika.

Masika, picha isiguse ukuta. Bandika vipande vya mpira kwenye kona za chini kwa nyuma ili hewa ipite, vinginevyo ukungu utaanzia nyuma na wewe utauona ukishatokea mbele. Safari ya reli hadi Dar ni kilometa zipatazo 1,250, na wengi huviringisha kazi sura, yaani upande wenye rangi, ikiwa ndani, kwenye bomba jembamba. Fanya kinyume: sura iwe nje, juu ya bomba la inchi 4 au zaidi, na karatasi ya kuokea kati ya mkunjo na mkunjo. Nailoni isiguse rangi, inashika. Picha ya mafuta isiviringishwe kabla ya miezi kadhaa, na vanishi isubiri miezi sita hadi mwaka.

Kabla ya Dar, tumia kuta za hapa. Zungumza na meneja wa hoteli inayopokea wageni wa Gombe, na wasimamizi wa makumbusho ya Livingstone pale Ujiji. Katikati ya picha iwe sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni. Kibandiko kiwe na jina lako, jina la kazi, mwaka, vifaa, vipimo kwa kuanza na kimo, na bei.

Kituo cha sanaa cha Nafasi Art Space pale Mikocheni, iliyopo tangu 2008, au Nyumba ya Utamaduni ya Makumbusho ya Taifa, hawatafuti picha moja nzuri. Wanataka kuona umekaa na jambo. Tengeneza kazi 10 hadi 12 za jambo moja, kwa mfano wanawake wa dagaa tangu mitumbwi inapofika alfajiri hadi magunia yanapofungwa. Simba na machweo achana nayo. Sam Ntiro alichora watu wa vijiji vya Kilimanjaro wakilima na kubeba ndizi, na mwaka 1960 jumba la sanaa za kisasa la New York likaichukua kazi yake.

Kwenye bei vijana wanaumia kwa hesabu. Tuseme galari inachukua asilimia 40 na wewe unataka shilingi 300,000 mkononi. Ukiongeza asilimia 40 juu yake unapata 420,000, na baada ya makato unabaki na 252,000. Unatakiwa kugawa 300,000 kwa 0.6, yaani 500,000. Na bei hiyohiyo uitaje hata mtu akija nyumbani. Galari ikisikia unauza nusu bei uani, haitakuita tena. Mkataba uandikwe: kazi zipi, hadi lini, unalipwa siku ngapi baada ya mauzo, na nani analipa ikichanika.

Anayenunua picha amenunua kitambaa na rangi. Haki ya kuichapa kwenye kalenda au fulana inabaki kwako kwa sheria ya hakimiliki ya 1999, maisha yako yote na miaka 50 baada yake, mpaka uitoe kwa maandishi. Iandike kwenye risiti. Na kila kazi ipige picha kivulini, simu ikiwa sambamba na kanvasi, kabla haijatoka mlangoni.

Mjomba wako