Barua kwa mwanangu: nani aliyeshika kipimo?

Mwanangu mpendwa,

Hatujambo. Baba yako bado anakohoa, ila anatembea hadi shambani.

Kaka yako amenisomea sura uliyotuma, ile ya ngome za Warumi kaskazini mwa Uingereza. Nilifurahi kusikia jina letu mwanzoni kabisa. Lakini tangu aliposoma kwamba majeshi yale "yaliwaletea wakulima soko", sijatulia. Iangalie tena kabla hujapanda ndege.

Soko lilikuwepo, sikatai. Octavius, yule wa barua za mbao zilizofukuliwa kwenye ngome ya Vindolanda, amenunua masuke ya nafaka modii 5,000 hivi, kwa kipimo chao Warumi, na anaomba atumiwe angalau dinari 500 asipoteze arubuni yake. Huyo ni mlanguzi, mwanangu, na barua yake imebaki. Aliyelima ile nafaka yuko wapi kwenye sura yako? Nani alimpimia?

Umemtaja Tacitus, yule mwanahistoria wa Kirumi, juu juu tu. Anasema kabla gavana Agricola hajarekebisha mambo, wenyeji walikalishwa kwenye milango ya maghala yaliyofungwa, wakalazimishwa kununua nafaka kwa bei ya dhihaka. Tena waliagizwa kupeleka mazao kambi za mbali, ilhali kambi nyingine zilikuwa jirani. Najua Tacitus alikuwa mkwe wa Agricola na alitaka kumpamba. Lakini kumpangia mkulima safari ndefu ili atoe chochote asiende, hilo halihitaji profesa kulielewa.

Na kile kipimo cha shaba cha ngome ya Carvoran! Kimeandikwa sextarii 17 na nusu, vile vipimo vyao vidogo, kikijazwa hadi ukingoni kinabeba karibu 21. Unasema huenda ndani kulikuwa na alama iliyopotea. Huenda. Ila umekipa mistari miwili ukaondoka. Wewe uliyeshona magunia ya rumbesa hapa nyumbani, unakipitaje haraka hivyo?

Habari za fukusi umeziandika vizuri sana, hata baba yako aliomba zirudiwe: wadudu wasiojulikana Uingereza kabla ya Warumi, na lile ghala la York lililobomolewa na kufunikwa udongo kwa sababu yao. Hapo nilikuona. Nafaka haishambuliwi hivyo mpaka irundikwe kwa wingi mahali pamoja. Sasa sema ilirundikwa kutoka mikononi mwa nani, na nani alishika kipimo. Hilo tu ninalotaka.

Mahindi hatujauza. Baba yako anataka tuuze sasa, mimi nasema tungoje bei ipande. Paa la ghala linavuja upande wa jikoni, na fundi anataka bati nne. Ada ya mdogo wako imefika, Mungu akubariki, ila usijinyime chakula kwa ajili yetu.

Sweta nimeiweka chini kabisa kwenye begi. Soksi za sufu kanunue huko huko. Ukishairekebisha ile sentensi, itume kwenye simu ya kaka yako, yangu haifungui mafaili.

Mama yako