Risala ya mwaka wa nne uhandisi ujenzi kwa mgeni rasmi, siku ya kuagwa kwetu

Mheshimiwa mgeni rasmi, mama yetu Injinia, mkuu wa idara, walimu wetu, wazazi mliosafiri usiku kucha kuja kutuona, na nyie wadogo zetu wa mwaka wa kwanza mpaka wa tatu, shikamooni na habari za mchana.

Karibu sana mama. Tumeambiwa umetoka saiti moja kwa moja, na vijana waliokupokea getini wameziona buti zako kwenye gari bado zina udongo, yaani hilo limetufurahisha kuliko hata yale maua tuliyokuandalia.

Kamati imenipa mimi niandike risala hii kwa niaba ya wenzangu 58, tukakubaliana safari hii tusianze na historia ya chama wala idadi ya wanachama, tukueleze tu tulivyoingia hapa na tunavyotoka. Ya watu 58 siwezi kuyasema yote, kwa hiyo nasema ya kwangu na wenzangu watajiona humohumo.

Mimi kwetu Newala. Kule juu kwenye uwanda wa Makonde maji ni shida tangu enzi za babu zetu, vyanzo viko chini bondeni, maji ya bomba lazima yapandishwe kwa pampu, na pampu ikizima basi kila nyumba inajua kabla jioni haijafika. Uzito wa ndoo ya lita 20 kichwani kwenye mlima naujua tangu darasa la tatu. Ndo maana nilipomaliza PCM, yaani fizikia, kemia na hesabu, nilijaza uhandisi ujenzi bila kumuuliza mtu, nilitaka niwe mtu wa maji.

Mwaka wa kwanza ulinipiga. Form six nilikuwa wa kwanza shuleni kwetu, nikafika hapa nikakuta kila mtu alikuwa wa kwanza shuleni kwao. Lekcha anaongea Kiingereza cha haraka, anafuta ubao kabla sijafika katikati, na siku ya kwanza ya AutoCAD, ile programu ya kuchorea ramani kwenye kompyuta, nilikuwa sijawahi kushika mausi. Semista ile nikapata sapu mbili, yaani mitihani ya kurudia, hesabu na statiki, lile somo la nguvu zinazosukuma na kuvuta vitu vilivyotulia. Nililia bafuni hosteli, bomba nimelifungulia ili wenzangu wasinisikie, na maji yanamwagika hivihivi, mimi mtoto wa Newala.

Kilichoniokoa ni vimbweta. Wazazi mtuwie radhi, vimbweta ni zile meza na viti vya zege vya huko nje ambako tunasomea mpaka saa nane usiku. Darasani kwetu tuna kaka zetu walioingia kwa diploma, wameshafanya kazi miaka minne mitano, wana familia, wanajua nondo ya milimita 12 kwa kuishika tu, ila intigresheni wameisahau. Sisi wa form six intigresheni tunayo ila nondo hatujawahi kuigusa. Basi tukawa tunabadilishana. Kaka mmoja ndo alinifundisha statiki kweli, aliniambia dada acha kukariri fomula, chora kwanza, weka mshale kwenye kila kinachosukuma na kila kinachovuta, ukimaliza kuchora hesabu imeshaisha nusu. Sapu zote mbili nilizifuta kwa maneno hayo. Na bumu, yaani hela ya mkopo, likichelewa tulikuwa tunachangia sufuria moja watu watano, na aliyekuwa hana siku hiyo hakuulizwa.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, ambalo wenzangu wameniomba nilisome hata kama ni gumu kwangu, maana kila mmoja wetu ana la kwake la aina hii.

Mwaka wa pili nilikwenda fildi wiki 8, jengo la ghorofa, kampuni siitaji. Wiki mbili za kwanza nilikuwa naandika majina ya wanaoingia getini na kutoa fotokopi. Wiki ya tatu msimamizi akaniamini, akaniweka kwenye zege. Siku moja aliitwa ofisini akaniachia nguzo 3, zege la C25, yaani la kufikia nguvu ya niutoni 25 kwa milimita ya mraba siku ya 28. Asubuhi nilipima slampu mwenyewe, yaani ulaini wa zege bichi, kwa ile koni ya milimita 300, unajaza tabaka 3 na kila tabaka unashindilia mara 25, ikatoka vizuri nikaandika. Ilipofika saa saba jua linawaka, zege likaanza kuwa gumu, mafundi wakalalamika haliingii vizuri kwenye nondo, mmoja akanigeukia akasema, "Injinia, tuongeze maji kidogo?"

Mama, ilikuwa mara yangu ya kwanza kuitwa injinia.

Jibu nilikuwa nalijua. Duff Abrams alishaonyesha kule Chicago mwaka 1918 kwamba maji yakizidi ukilinganisha na saruji nguvu ya zege inashuka, maana yale ya ziada yanakauka na kuacha vitundu ndani, nililijibu hilo kwenye mtihani na nikapata maksi zote. Lakini niliogopa kuonekana sijui, nikaogopa kumpigia msimamizi simu akaona nimeshindwa siku ya kwanza, nikasema wekeni kidogo. Kidogo ya saiti ni ndoo.

Siku ya 7 tukaenda kuvunja kyubu, vile vipande vya mraba vya zege lilelile vinavyobanwa kwenye mashine mpaka vipasuke ili kupima nguvu yake. Zege la C25 siku ya 7 unategemea walau 16 au 17. Mshale wa mashine ulipanda taratibu ukafika 11 ukasimama, ukarudi. Kyubu nzuri inapasuka kwa kishindo, unashtuka hata kama ulikuwa unasubiri, ile yangu haikulia kabisa, ilifumuka tu pembeni kama andazi. Ya pili hivyohivyo. Wakaanza kutafuta sababu, saruji ya lini, mchanga wa wapi, mwisho wakamgeukia mzee wa mikisa, ile mashine ya kuchanganyia zege, baba mtu mzima, ana miaka yake mingi kwenye kazi ile. Mimi hakuna aliyeniuliza. Kwenye fomu yangu slampu ilikuwa nzuri, ningekaa kimya yangeisha.

Sijui nguvu ilitoka wapi ila nilisema. Nikasema maji niliruhusu mimi. Msimamizi alinyamaza muda mrefu sana alafu akasema nguzo zitavunjwa na wewe utakuwepo. Angeweza kusubiri kyubu za siku 28 lakini alisema hawezi kupandisha silabu, yaani sakafu ya zege, juu ya nguzo anazozitilia shaka. Tulivunja siku mbili kwa nyundo na tindo, taratibu ili nondo zisipinde, mikono ilitoka malengelenge mpaka nikashindwa kushika kalamu. Siku ya pili saa nne yule mzee wa mikisa akaja na chai kwenye kikombe cha bati akaniwekea juu ya tofali. Akaniambia, "Mwanangu, wangekuwa wengine leo mimi niko nyumbani."

Nikiulizwa nilikua lini katika miaka hii minne, nasema ni hapo. GPA yangu imepanda baadaye, AutoCAD sasa nawafundisha wadogo zangu, nimesimama mbele ya paneli ya walimu nikaitetea projekti yangu bila kutetemeka, yote hayo ni kweli na nayashukuru. Lakini hapo kwenye tindo ndo niliacha kuogopa kusema sijui. Toka siku ile zege likinisumbua napiga simu.

Novemba 16, 2024, Jumamosi, tukiwa ndo tumeanza mwaka huu wa mwisho, jengo la Kariakoo likaanguka na watu wamo ndani. Siku ile hakuna aliyesoma, tulikaa vimbwetani tunaangalia simu. Wakati lile la ghorofa 16 pale mtaa wa Indira Gandhi linaanguka Machi 29, 2013 na kuua watu 36 sisi wa form six tulikuwa watoto wa shule ya msingi, tulilisikia kama habari ya wakubwa. Hili la Kariakoo lilitukuta wakubwa ndo sisi. Kaka mmoja wa diploma aliinuka akasema kila mtu aandike kosa moja alilowahi kulifanya au kuliona saiti akanyamaza, na tuliandika, tukasomeana usiku ule ule. Daftari lile tumewaachia mwaka wa tatu, na tumewaomba waendelee nalo.

Mama, mafanikio mengine ni mengi ila muda hautoshi. Naomba niseme yanayotusumbua.

Mashine yetu ya kuvunjia kyubu ina mwaka na nusu haifanyi kazi. Kyubu za projekti tumezibeba kwa bajaji, moja ina kilo 8, kwenda kuvunja nje kwa kulipia, na wasio na hela wamepunguza idadi ya sampuli. Majibu ya sampuli 3 siyo majibu ya sampuli 12, wewe unajua.

La pili ni fildi. Tunapokelewa, tunashukuru, lakini wengi wiki zinaisha kwenye fotokopi. Tunakuomba wewe na wahandisi wenzako mtupe kazi ambayo tukikosea mtajua na sisi tutajua. Nguzo zangu 3 zilimgharimu mtu hela lakini bila zile mimi nisingekuwa hapa nasema ninayoyasema.

La tatu, tukitoka hapa tunatafuta nafasi za ule mpango wa SEAP, mafunzo ya kazini kwa wahandisi wahitimu, wa miaka 3 chini ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na wengi wetu hatuna tunayemjua. Ukiwa na nafasi hata mbili ofisini kwako, zitangaze hapa idarani tushindane kwa haki.

La mwisho ni la sisi wasichana 11. Fildi nzima nilivaa buti namba 42 na soksi pea tatu, maana stoo walisema za wanawake hazipo, na choo kilikuwa kimoja cha watu wote, hakina komeo. Buti zako zilizoko kwenye gari zinaonekana ni namba 38. Tunaomba leo kabla hujaondoka utuambie umezipata wapi, tuko 11 na tumeshachanga.

Naomba kuwasilisha.