Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama, Mwaka 2024

Ndugu wanachama, kamwene.

Natoa taarifa hii kwa niaba ya kamati tendaji. Habari za fedha mtazipata kwa mweka hazina, na za kitalu cha miche kwa msimamizi wake, kwa hiyo huko nitapita haraka. Muda mwingi nitautumia kwenye jambo ambalo baadhi yenu mmeliuliza kwa ukali, tena mna haki ya kuuliza: imekuwaje chama cha wapanda miti kinunue seva, yaani kompyuta ya kutunza mafaili ya ofisi nzima mahali pamoja, badala ya kununua miche?

Nianze na shambani, kwa kifupi. Njia za moto zilifyekwa kwa wakati katika vijiji vyote isipokuwa kimoja, na wenzetu wa kijiji hicho tutazungumza nao baada ya kikao hiki. Hakuna shamba la mwanachama lililoungua. Vijana wa doria waliokesha kwenye baridi ya Julai na upepo wa Septemba, sisi tunaopakana na Shamba la Miti Sao Hill tunajua mmetuokoa na nini. Asanteni sana. Miche ya mipaina iligawiwa mvua zilipokaza; waliokosa milingoti safari hii wameandikwa kwanza kwenye orodha ijayo.

Sasa niende kwenye seva, na nianzie pale lilipotuuma.

Mwishoni mwa mwaka 2023 mwenzetu mmoja, mama mjane, alipata mnunuzi wa miti yake ikiwa bado imesimama. Mnunuzi akataka kuona ramani ya shamba. Karani alifungua ramani kwenye kompyuta yake, na katibu akafungua ya kwake. Shamba moja, ramani mbili. Kwa karani, shamba la mama lilikuwa mahali pake. Kwa katibu lilikuwa limehama karibu mita 300 na kukaa juu ya miti ya jirani. Hakuna aliyeghushi. Ramani moja ilisomwa kwa mfumo wa vipimo wa zamani, Arc 1960, ambao ramani nyingi za nchi yetu zilichorwa nao, na nyingine kwa WGS 84, ambao ndio simu na vifaa vya GPS hutumia. Namba zile zile ukizisoma kwa mfumo usio wake, shamba linahama. Faili moja lilikuwa limesahihishwa, jingine bado, na yote mawili yaliitwa "ramani mpya". Mnunuzi aliaga kwa adabu, akaenda kununua kwa mtu mwingine. Mama alikuja kupata mnunuzi mwezi Machi, wakati ada ya Januari alikwisha kuikopa. Nilikwenda kumwomba radhi nyumbani kwake. Leo naomba radhi tena mbele yenu, kwa sababu kosa lilikuwa la ofisi nzima.

Baada ya hapo kamati iliamua kukagua jinsi tunavyotunza kumbukumbu, na tuliyoyakuta yalinikosesha usingizi. Ofisi ina kompyuta tano. Daftari la wanachama lilikuwa kwenye tatu, na kila moja ilikuwa na lake. Mikataba ya mauzo ilikuwa kwenye laptopu ya katibu peke yake, laptopu anayoibeba kwenye bodaboda. Mafaili yalihama kutoka meza hadi meza kwa flashi, na flashi hizo zilipita pia kwenye maduka ya kuchapisha, zikarudi na virusi vile vinavyoficha folda zako na kukuachia vivuli vyake visivyofunguka. Picha za mipaka zilikuwa kwenye simu za watu. Mmoja wao alikwishaacha kazi.

Nawaomba mfikirie jambo hili kama wakulima. Mpaina tunaupanda leo na kuuvuna baada ya miaka 15, 18, wengine zaidi. Kompyuta ya ofisi ikifika miaka 8 tunashukuru. Maana yake karatasi ya shamba lako lazima iishi kuliko kompyuta mbili au tatu, iishi kuliko karani aliyeiandika, na wakati mwingine iishi kuliko wewe mwenyewe, ili mtoto wako akija kuvuna akute mpaka uko pale ulipouacha. Kumbukumbu inayotegemea laptopu ya mtu mmoja haiwezi kufika huko.

Wanachama vijana walipendekeza tuweke kila kitu kwenye hifadhi ya mtandaoni. Ni pendekezo la maana na hatujalitupa. Lakini kumbukeni Mei 12, 2024, nyaya za intaneti zinazopita chini ya bahari zilipokatika na nchi nzima ikabaki na mtandao wa kusuasua. Siku zile ofisini hatukuweza hata kufungua barua pepe. Tena picha na ramani ni mafaili mazito. Kuyapandisha na kuyashusha kila siku ni kununua bando bila kikomo. Seva iliyo ndani ya ofisi haihitaji intaneti hata chembe. Waya ukitoka kwenye kompyuta ya karani hadi kwenye swichi, kile kisanduku kinachounganisha nyaya za kompyuta, na kutoka kwenye swichi hadi kwenye seva, kazi inaendelea hata kama dunia yote ya nje imezimika.

Tulinunua kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika, yenye afya, tukaiwekea diski mbili mpya za terabaiti 4. Ndani yake tulisimika Debian, mfumo wa kuendeshea kompyuta wa jamii ya Linux, na juu yake Samba, programu inayoiwezesha mashine ya Linux kuzungumza na kompyuta za Windows lugha zinayoielewa wakati wa kushirikiana mafaili. Zote mbili ni za bure na hazina leseni ya kulipia kila mwaka. Samba ilianzishwa na Andrew Tridgell huko Australia mwanzoni mwa miaka ya 1990 na inaendelezwa hadi leo, nami napenda kitu kilichokwisha kuvumilia misimu mingi. Fedha nyingi zilikwenda kwenye diski, swichi ya matundu 8, nyaya, na UPS, betri inayoshikilia mashine umeme ukikatika.

Seva ilipewa anwani yake ya kudumu, 192.168.1.10, ili isihamehame kila umeme unaporudi. Anwani za aina hiyo ni za ndani tu, haziitwi kutoka nje ya ofisi. Wageni wanaotumia Wi-Fi ya ukumbini wametengwa, hawaifikii. Kila mfanyakazi akiwasha kompyuta yake asubuhi anaikuta diski iitwayo Z, na humo ndimo kazi zote za chama zilimo. Karani akiwa amefungua daftari, katibu akilifungua naye anaambiwa linatumika, asome tu. "Ramani mpya" mbili haziwezi tena kuzaliwa kimyakimya.

Juma la kwanza lilikuwa gumu. Tulijaribu njia rahisi, folda moja iliyo wazi kwa wote bila neno la siri, na kompyuta mbili zikakataa kuifungua. Windows za siku hizi hazikubali kuingia kwenye seva kama mgeni asiye na jina. Tulishauriwa tulegeze ulinzi huo kwenye kila kompyuta, ni dakika chache tu. Kamati ilikataa, nami nasimama na uamuzi huo. Kila mtu akapewa jina lake na neno lake la siri, na sasa kila anayeingia anajulikana. Karani naye alikwama siku mbili kwa sababu kompyuta yake ilikuwa imelishika jina la zamani, na Windows haikubali mtu aingie kwenye seva ile ile kwa majina mawili kwa wakati mmoja. Tulifuta lile la zamani kwenye kumbukumbu zake, ikafunguka.

Kisha ikaja skana. Ni ya zamani, na haijui kuhifadhi kwenye mtandao ila kwa toleo la kwanza la SMB, lugha ile ya kushirikiana mafaili. Toleo hilo ndilo lililokuwa na tundu ambalo programu haribifu iitwayo WannaCry ilipita Mei 2017, ikafunga mafaili ya hospitali na viwanda duniani na kudai fidia. Hatukuliwasha. Skana imeunganishwa kwa waya kwenye kompyuta ya karani, naye anahamisha nakala kwa mkono. Ni kazi ya ziada kwake, na naishukuru subira yake.

Nani anaona nini? Folda ya Fedha inafunguliwa na mhasibu na mweka hazina, basi. Daftari na Ramani wafanyakazi wote wanasoma, lakini wanaoandika ni karani na katibu. Mikataba ikishasainiwa na kuingizwa hairekebishwi na mtu yeyote ofisini. Nyongeza huingia kama faili jipya lenye tarehe. Mimi mwenyekiti nasoma tu. Niliomba iwe hivyo mwenyewe. Mwenyekiti huchaguliwa na huondoka, na hapaswi kuwa na mkono kwenye kalamu inayoandika mipaka ya mashamba ya watu.

Hapa nataka kusema wazi tulipokosea, maana ndipo tulipojifunza zaidi ya kwingine kote. Diski zile mbili zinaakisiana: kinachoandikwa kwenye moja kinaandikwa kwenye nyingine, ili moja ikifa kazi isisimame. Wengi wetu tuliamini hiyo inatosha. Mwezi Julai folda ya picha za kijiji kimoja ilifutwa kwa bahati mbaya, na ikafutika kote kuwili kwa sekunde ile ile. Kioo hakijui kosa lako, kinaonyesha tu. Picha zilipatikana kwa sababu fundi alikuwa ameweka pipa la taka ndani ya Samba, linalokaa na kilichofutwa kwa siku 30.

Nakala rudufu ni kitu kingine. Kila usiku seva hujinakili kwenye diski ya tatu, na kila Ijumaa tunanakili kwenye diski ya nje inayotoka ofisini. Mwezi Agosti niliagiza tujaribu kurudisha mafaili kutoka kwenye diski ya Ijumaa, kama vile ofisi imeungua. Tuliikuta tupu. Kwa majuma matatu diski ilichomekwa lakini seva haikuitambua, na programu ya kunakili ikawa inajaza folda ya jina lile lile ndani ya seva yenyewe, huku ikituletea ujumbe kwamba kazi imekamilika. Moto ungetokea majuma yale, tungepoteza yote tukiwa tunajisifu. Siku hizi programu hukagua kwanza kama diski ipo kweli, isipokuwepo inagoma na kupiga kelele. Na kila mwezi tunarudisha folda moja, tunaifungua, tunahesabu mafaili, mimi na mweka hazina tunaweka sahihi. Diski za nje ziko mbili zinazopokezana, zimefungwa kwa neno la siri, na wakati wowote moja iko kwenye kabati lenye kufuli katika jengo jingine.

Kuna mambo ya huku kwetu ambayo fundi kutoka mjini hakuyajua. Watu hudhani baridi ya Mufindi inaifaa mashine. Baridi yenyewe haina neno, lakini ukungu wa Juni unaingia mpaka ndani ya makabati, na tunakaa jirani na mashine za kuchana mbao. Unga wa mbao ukiingia kwenye feni hugandamana kama ugali. Seva imeinuliwa kutoka sakafuni, inapulizwa kila mwezi, na dirisha la upande wa mashine halifunguliwi. Radi nayo: tulitamani kuvuta waya hadi stoo ya miche ng'ambo ya uwanja, tukaacha, kwa sababu waya wa shaba unaounganisha majengo mawili ni njia ya kuikaribisha radi ndani. Tukipata fedha tutavuta waya wa nyuzi za kioo, ambao haupitishi umeme. UPS haikuwekwa ili tufanye kazi gizani. Kazi yake ni kuipa seva dakika za kuzima kwa utaratibu.

Upande wa sheria: tunatunza namba za vitambulisho vyenu, simu zenu, majina ya warithi wenu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inatutaka tuzilinde na tujisajili kwenye Tume husika. Maombi tumeanza kuyaandaa. Mtu akikuomba orodha ya wanachama wa kijiji chako kwa WhatsApp, hata kama ni kiongozi, mwelekeze ofisini.

Wazee waliuliza kama daftari la karatasi litachomwa. Hapana. Kila mwisho wa robo mwaka daftari linachapishwa, linasainiwa, linafungiwa kabatini.

Yaliyobaki ni mawili. Katika bajeti mtaona fungu la diski moja ya akiba na mafunzo ya kijana wa pili wa kuiangalia seva. Sasa hivi anayeijua vizuri ni mmoja, na nikisema hivyo nasikia ile habari ya laptopu ya katibu ikirudi. Naomba mlipitishe. La pili ni mikataba ya kabla ya mwaka 2019, ambayo nakala zake hatunazo. Mwenye yake nyumbani ailete, itapigwa picha mbele yake na ataondoka na karatasi yake mkononi.

Karani ameweka kompyuta pale mlangoni, imeunganishwa na seva. Tukifunga kikao, kila mmoja apite aone ramani ya shamba lake na majirani zake wanne. Penye kosa mwambieni hapo hapo, kabla hamjaweka sahihi.