Tiba ya muziki haisomewi kwa wiki mbili

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala iliyochapishwa hivi karibuni katika gazeti lako, iliyowahimiza vijana wenye vipaji vya muziki kuifikiria kazi ya tiba ya muziki, yaani kuutumia muziki kwa mpango maalumu kumsaidia mgonjwa, na nimefurahi kuona taaluma hii ikipewa nafasi. Hata hivyo, mwandishi alisema kwamba anayejua kuimba na mwenye moyo wa huruma anahitaji kozi ya wiki mbili tu ili aanze kuwahudumia wagonjwa. Naomba nieleze kwa nini maneno hayo yanaweza kumpoteza kijana na kumdhuru mgonjwa.

Mimi ni mwalimu wa muziki, si mtabibu. Kwa muda fulani nilijitolea kupiga gitaa na kuimba katika wodi ya watu waliopata kiharusi. Siku moja mama mmoja, ambaye hakuwa ametamka neno tangu alazwe, aliudakia wimbo niliokuwa nikiuimba, akaufikisha mwisho bila kukosea neno. Wauguzi walipiga makofi, binti yake akalia kwa furaha. Kisha mama yule akataka kumwambia binti yake jambo. Midomo ilicheza, neno halikutoka, na hofu ikamjaa usoni. Nami, kwa kutojua la kufanya, nikaanza wimbo mwingine. Leo najua kwamba sikupaswa kufanya hivyo, kwa sababu alihitaji mtu wa kutulia naye katika hofu ile, naye akapewa burudani.

Kiharusi kinapoharibu sehemu za ubongo zinazounda usemi, ambazo kwa watu wengi ziko upande wa kushoto, uwezo wa kuimba wimbo wa zamani mara nyingi hubaki. Wimbo uliozoeleka hutiririka wenyewe, neno likiliita neno linalofuata, ilhali anayeomba maji hana budi kuyatafuta maneno na kuyapanga upya. Kwa hiyo mgonjwa anayeimba bado hajaanza kusema, na kazi ya mtaalamu inaanzia hapo hapo ambapo sisi wengine tunapiga makofi. Mwaka 1973 watafiti Martin Albert, Robert Sparks na Nancy Helm walieleza njia mojawapo ya kumtoa mgonjwa kwenye kuimba hadi kusema, ambayo watabibu wa usemi na wa muziki wanaitumia hadi leo: mtaalamu huchagua maneno mafupi anayoyahitaji mgonjwa kila siku, huyaimba kwa sauti ya juu na ya chini huku akiugonga mkono wa kushoto wa mgonjwa kwa kila silabi, kisha huiondoa sauti yake kidogo kidogo mpaka mgonjwa ayatamke peke yake. Njia hiyo haimfai kila mtu. Humfaa zaidi yule anayeelewa anachoambiwa lakini akashindwa kutamka. Kumtambua mgonjwa wa namna hiyo kunahitaji vipimo, na vipimo havifundishwi katika kwaya. Ndivyo ilivyo pia kwa mgonjwa wa Parkinson, maradhi ya ubongo yanayoufanya mwendo uwe mgumu: mtabibu huhesabu kwanza hatua zake kwa dakika, akaweka mdundo unaolingana nazo, ndipo auongeze kasi taratibu.

Ndiyo maana nchi zilizotangulia zimeweka masharti mazito. Marekani, ambako Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan kilianzisha masomo ya shahada katika fani hii mwaka 1944, humtaka mwanafunzi akamilishe angalau saa 1,200 za mafunzo ya kliniki, na sehemu kubwa ya saa hizo huwa ni mafunzo kazini chini ya msimamizi. Baada ya hapo hufanya mtihani wa taifa. Uingereza hufundisha taaluma hii katika ngazi ya uzamili, na mtu asiyesajiliwa hakubaliwi kisheria kujiita mtabibu wa muziki. Afrika Kusini nayo huwasajili wataalamu hawa katika baraza la taaluma za afya.

Saa hizo si za kujaza fomu. Mwanafunzi huanza kwa kutazama, kisha huongoza sehemu ya kipindi, hatimaye kipindi kizima huku msimamizi akimwangalia. Hujifunza kuweka lengo linalopimika, kuandika kumbukumbu ambazo daktari na muuguzi wataweza kuzitumia, na kutambua wakati ambapo muziki unamuumiza mgonjwa na ni lazima unyamaze. Binafsi naamini hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote kwa mwanamuziki.

Kuhusu ajira, kijana aelezwe ukweli wote. Watabibu wa muziki hufanya kazi hospitalini, katika shule za watoto wenye mahitaji maalumu, katika vituo vya wazee na katika tiba shufaa (huduma ya kumpunguzia mateso mgonjwa mwenye maradhi mazito), lakini wengi wao huanza kwa mikataba ya saa chache, wakizunguka kati ya waajiri wawili au watatu, na baadhi hulazimika kumshawishi mwajiri aanzishe nafasi ambayo haikuwapo. Mahali ambapo taaluma haijasajiliwa hali huwa ngumu zaidi: hospitali haina cheo cha kumwajiri mhitimu, na chuo kinasita kufundisha watu wasio na pa kuajiriwa. Anayejiandikisha aingie akilijua hilo.

Siwakatazi wanamuziki kwenda wodini. Wimbo mzuri huifupisha siku ya mgonjwa, nami naendelea kuimba huko, ila najitambulisha kama mwanamuziki na namtaarifu muuguzi kabla sijaanza. Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba gazeti litakapotangaza tena kozi ya aina hii, limuulize mwandaaji maswali mawili na kuyachapisha majibu yake: mwanafunzi atakaa na wagonjwa kwa saa ngapi, na nani atamsimamia?

Wako mtiifu,
Mwalimu wa muziki