Shukrani kwa mzee wa Amani

Mzee wangu uliyetukuta msituni Amani, Usambara Mashariki, ukielekea kwenye mashamba ya chai, asante sana. Jina lako sikulipata. Tulikuwa tunapima unene wa miti, mita 1.3 kutoka ardhini, na mmoja wenye mizizi iliyosimama kama kuta ulitushinda. Ukaweka panga chini, ukapanda, ukazungusha tepu juu ya ile mizizi, pale shina linapoanza kuwa mviringo. Ndivyo inavyotakiwa, na hukufundishwa na mtu! Halafu ukatuonyesha miche ya Maesopsis, mti wa kuletwa, inavyowahi kila pengo mti mkubwa ukianguka. Modeli yangu ya ukuaji wa msitu, yaani hesabu za kukadiria msitu utakavyokua, inakula vipimo hivyohivyo vya unene na habari za miche kama hiyo. Hela ya soda ukaikataa, eti unachelewa kazini. Anayemfahamu amfikishie shikamoo yangu.